Je, Hai-fai Inafaa?

Mbukwenyi, ndugu wasomaji! Kwa ambao hamjafika kwetu Dodoma, hiyo ni salamu ya Wagogo, na nimeanza nayo makusudi. Habari ninayotaka kuwasimulia ni ya dunia nzima, ina Wamarekani na Waingereza ndani yake, lakini mimi niliingia humo kupitia mlango wa nyumba ya bibi yangu, Mailimbili, na huko ndiko nitakakotokea.

Mwaka 2021 nilikuwa na shilingi laki tatu na nusu. Nilizipata kwa jasho, kibarua cha zege, maana tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji huu unajengwa kila upande, na kijana aliyemaliza kidato cha nne hakosi ndoo ya kubeba. Fedha hizo zilikuwa na kazi mbili. Kwanza, kupiga chapa mswada wa riwaya yangu, ambao uko katika madaftari manne, mwandiko wa kuku. Pili, kumpelekea fundi kaseti moja ya ukoo wetu ili aihamishie kwenye kompyuta kabla haijaharibika. Sikufanya la kwanza wala la pili. Nilinunua sabufa.

Utetezi wangu ulikuwa wa kisomi kabisa. Riwaya yangu inahusu mpiga gitaa wa miaka ya sabini. Nitamwandikaje mpiga gitaa wakati muziki wenyewe nausikilizia kwenye simu yenye spika ndogo kama kifungo cha shati? Washikaji wakaniunga mkono. Tukaifunga mitambo, spika mbili pembeni na boksi la besi chini ya meza, nikaweka wimbo wa Afro 70, nikakoleza sauti. Vikombe kabatini vikaanza kucheza. Bibi akatoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko wake mkononi.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu, "hicho kinachotikisa vikombe ndicho muziki wenyewe, au ni lori limepita?"

Washikaji walicheka, nami nikacheka nao. Lakini swali lilinikaa. Je, chombo kizuri kinamfanya mtu asikie muziki vizuri zaidi, au kinamfanya asikie chombo? Nimelifuatilia swali hilo kwa miaka kadhaa sasa, vitabuni na kwa wazee, na haya ndiyo niliyoyaona.

KILA ZAMA NA UAMINIFU WAKE

Thomas Edison alinasa sauti ya mtu kwa mashine mwaka 1877. Miaka 38 baadaye, mwaka 1915, kampuni yake ilianza kufanya maonyesho ya ajabu katika miji ya Marekani. Mwimbaji alisimama jukwaani kando ya mashine. Akiimba, mara ananyamaza na mashine inaendelea; taa zinazimwa, watu wanatakiwa wabashiri ni nani anayeimba gizani. Wengi walitoka ukumbini wakiapa kwamba hawakuona tofauti yoyote. Na mashine yenyewe, ndugu msomaji, haikuwa na amplifaya hata kidogo. Sauti ilipanda kutoka kwenye sindano mpaka kwenye pembe, basi.

Watu wale walikuwa viziwi? La hasha. Mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alikuja kukiri baada ya miaka mingi kwamba alikuwa akiipunguza sauti yake ilingane na ya mashine. Binadamu ndiye aliyeiga chombo.

Baada ya hapo, kila kilipozaliwa chombo kipya, cha jana kilitukanwa. Mwaka 1925 kurekodi kwa umeme kukaifanya pembe ionekane ushamba. Mwaka 1948 ikaja santuri ndefu ya mizunguko 33, mwaka 1958 santuri za stirio zikaanza kuuzwa madukani, mwaka 1982 ikaja sidii. Katikati ya safari hiyo likazaliwa jina la hai-fai, yaani uaminifu wa hali ya juu: chombo kisiongeze wala kisipunguze kitu katika sauti iliyopigwa. Waswahili tuna bahati, kwani jina hilo tukilitamka haraka linajijibu lenyewe: haifai! Lakini utani si hoja. Lazima tuulize, uaminifu huo ni kwa nani na kwa sauti ipi?

MKONO WA TRACEY NA UTANDO WA BUIBUI

Babu yangu alifanya kazi stesheni ya reli hapa Dodoma, na kwa njia ya reli hiyo hiyo ndipo santuri zilipopanda kutoka pwani kuja bara. Nyimbo za Kiswahili zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye santuri tangu mwaka 1928, wakati Siti binti Saad wa Zanzibar alipokwenda kurekodi Bombay. Babu alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Bibi anasema ilikuwa ikikwaruza kama kuku apekuaye majani makavu, lakini watu waliketi uani kimya kama wako msibani, na wimbo ukiisha hakuna aliyesema "mtambo huu mbovu." Walisema, "Rudia."

Mwaka 1950 Mwingereza aliyeitwa Hugh Tracey, aliyekuwa akiishi kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika na mitambo ya kurekodi, na miongoni mwa watu aliowarekodi ni Wagogo. Tracey alikuwa na mtindo wake. Badala ya kusimika maikrofoni na kukaa kando, aliishika mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji anapoanza, akairudisha kwenye ala anaponyamaza. Zilikuwa rekodi za njia moja tu, hakuna kushoto wala kulia. Pamoja na hayo, ukizisikiliza leo unasikia nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Mtambo ulikuwa mzuri kwa siku zile, lakini mizani ya sauti ilitoka kwenye mkono wa mtu anayesikiliza.

Sasa sikieni walichokuwa wanapiga wazee wetu. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma juu yake, vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Vyuma vingine havibonyezwi kabisa. Vipo ili viitikie vyenyewe jirani zao wakipigwa. Kisha kwenye sanduku hutobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui. Kazi ya utando ule ni kuvuma. Kila sauti safi inayotoka inavikwa mvumo, mfano wa nyuki akipita karibu na sikio.

Hapo nilipigwa na butwaa. Fundi wa hai-fai anatumia maisha yake yote kuuondoa mvumo, na mababu zetu walikwenda porini kuutafuta! Kwa hiyo usafi wa sauti si sheria ya Mungu. Ni chaguo la watu fulani, mahali fulani.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuhukumu, maana hoja hiyo ina upande wa pili. Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1938, ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya sitini na ambaye baadaye aliishi na kufundisha Bagamoyo mpaka kifo chake mwaka 2003, alitoa albamu iitwayo Chibite mwaka 1996 kupitia kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, huko Uingereza. Nilipoisikiliza kwa redio yenye spika iliyochanika, sikuweza kujua mvumo upi ni wa utando wa buibui na upi ni wa karatasi ya spika. Kwenye chombo kizima, mvumo wa Zawose ulisimama peke yake, mwembamba, umejaa maisha. Kumbe uaminifu una maana pia kwa muziki wenye makwaruzo: ukwaruze muziki wenyewe, chombo kinyamaze. Na sabufa yangu je? Ilimba na sauti ya mzee yule havina besi kubwa. Boksi lile chini ya meza lilikosa la kufanya, likawa linanguruma pasipo sababu, kama mtu anayechangia mkutano usiomhusu.

MIAKA YA REDIO

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo wazazi wetu wanaitaja mpaka leo kama wanavyomtaja ndugu yao. Kwa miaka mingi bendi za nchi hii zilirekodi humo, au zikafunga safari kwenda Nairobi kulikokuwa na kampuni za santuri. Bendi nzima iliingia chumbani ikapiga kwa mkupuo. Palipo na maikrofoni chache, mizani hupatikana kwa miguu: mwenye tarumbeta arudi nyuma, mwimbaji asogee mbele. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya.

Katika bendi hizo kulikuwa na kijana wetu, Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, si mbali na hapa mjini. Afro 70 yake ndiyo iliyokwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977, na mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini akarekodi Sweden albamu ya Bado Kijana pamoja na bendi ya huko iitwayo Archimedes. Huyo ndiye aliyenipa wazo la riwaya yangu.

Sasa fikiria jinsi muziki huo ulivyofika Dodoma. Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450. Mawimbi ya redio za wakati ule yalibeba sauti mpaka mitetemo takriban 5,000 kwa sekunde, ilhali sikio zima la kijana husikia kuanzia 20 mpaka 20,000. Mlio wa matoazi ulikatwa kichwa njiani. Huku chini, spika ya redio ya mkononi haikuweza kutoa besi. Usiku mawimbi yakidunda angani yalifika mbali zaidi, lakini yalikuja na kuondoka kama pumzi ya mgonjwa. Kwa vipimo vya hai-fai, wazazi wetu hawakuwahi kuusikia muziki wa zama zao!

Hata hivyo wanaujua. Muulize mama yangu wimbo wowote wa NUTA Jazz. Atakuimbia mistari yote, kisha ataimba kwa mdomo sehemu za tarumbeta, halafu gitaa la pili. Mimi nina nyimbo elfu mbili kwenye simu na siwezi kufanya hivyo hata kwa mmoja.

Siri ni nini? Nadhani walifundishwa kusikiliza, tena pamoja. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walijiunga katika vikundi, wakaketi kuizunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadili walichosikia na kwenda kuchimba vyoo. Bibi alikuwa katika kikundi kimojawapo. Anasema ukikohoa wakati redio inasema, unatazamwa. Redio ilikuwa moja, betri za kuhesabu, na wimbo ukipita umepita, hujui utarudi lini. Masikio yalilazimika kushika.

NJAA NA SHIBE

Kisha ikaja njaa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Santuri kutoka Nairobi zikawa adimu. Ikafuata vita vya Kagera, fedha za kigeni zikaisha, madukani hakuna kitu. Betri zilizokufa zilianikwa juani ili zifufuke kwa nusu saa. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa zao maporini kwa hofu ya kuulizwa walikozitoa. Mjomba wangu anasimulia kwamba wao, vijana wa wakati huo, walichomoa spika ya redio iliyokufa, wakaiunga kwa waya mrefu, wakaifunika juu ya mdomo wa mtungi wa maji. Besi ikatoka! Kwa kweli walikuwa wamerudia kanuni ya ilimba bila kujua: tumbo la chombo huikuza sauti.

Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akashika nchi, ruksa ikatawala. Redio kaseti zikamiminika. Mjomba naye akapata yake, ya milango miwili, yenye taa zinazopanda na kushuka. Ndipo ilipoanza biashara ya kurekodiwa nyimbo vibandani: unapeleka kaseti tupu na orodha yako, unarudi jioni. Nakala ya nakala ya nakala, na kila hatua ikiongeza mvumo wa upepo. Lakini redio kaseti ilikuwa na jambo ambalo santuri haikuwa nalo. Ilikuwa na kitufe chekundu. Mtu wa kawaida wa Mailimbili aliweza kunasa sauti ya nyumbani kwake.

Mwaka 1989, kwenye shughuli ya ukoo, mjomba alibonyeza kitufe kile. Wanawake walikuwa wakipiga muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, na anayeongoza alikuwa dada mkubwa wa bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona. Upande mmoja wa kaseti, dakika thelathini. Hiyo ndiyo kaseti niliyoitaja mwanzoni.

OFISA NA NYAYA ZAKE

Kabla sijafika kwenye kaseti, lazima niwaambie nilivyokutana na hai-fai yenyewe, maana mtu anaweza kuniambia, "Wewe umenunua kelele za bei poa, halafu unasingizia hai-fai." Ni kweli. Sabufa imetengenezwa ili ivutie dukani. Kuzidisha besi ndiyo biashara yake.

Jirani yetu mmoja, ofisa aliyehamia kutoka Dar es Salaam, ana seti ya kweli: amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili ndefu zinazonifika kifuani. Thamani yake inanunua kiwanja. Alinikaribisha jioni moja, nikakaa kwenye kiti chenyewe, kile kimoja kilichopimwa kwa futi. Akaweka rekodi ya zamani ya bendi ya Kitanzania. Wallahi, nilisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nikasikia kiti kikilalamika mahali fulani chumbani. Gitaa la besi, ambalo kwenye simu ni fununu tu, lilitembea sakafuni na nikaweza kulifuata kila hatua. Nilirudi nyumbani nikafuta kurasa sita za riwaya, kwa sababu mpiga besi niliyekuwa nimemwandika hakuwa anafanya chochote. Siwezi kuwadanganya: chombo kile kilinifunza kitu.

Lakini wimbo ule haukufika mwisho. Ofisa aliinuka katikati, akabadilisha waya mmoja kwa mwingine mnene zaidi. "Sasa sikia," akasema. Akaurudisha mwanzo. Akaukatiza tena, akasogeza spika vidole viwili. Tulikaa saa mbili, na hatukumaliza wimbo hata mmoja. Alisema nyaya zilibadilisha kila kitu. Mimi sikusikia badiliko lolote, lakini kwa heshima nikasema, "Ndiyo, mzee, imefunguka."

Mwaka 2007 jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, lilichapisha utafiti wa Brad Meyer na David Moran. Walipiga diski za kiwango cha juu kabisa, kisha kwa siri wakawa wanaishusha sauti ile ile mpaka kiwango cha sidii ya kawaida, na kuwauliza wasikilizaji watambue ipi ni ipi. Miongoni mwao walikuwamo watu wa kazi hiyo. Majaribio yalikuwa 554. Majibu sahihi 276. Ungerusha shilingi hewani ungepata matokeo hayo hayo.

Kwa hiyo kuna ngazi. Kutoka simu hadi spika za kadiri, tofauti ni kubwa, hata mtoto anaisikia. Kutoka hapo hadi spika nzuri kweli, bado ipo, hasa ukiweka pazia na mkeka chumbani ili sauti isirukeruke ukutani na kwenye bati. Zaidi ya hapo unapanda ngazi isiyoegemea kitu. Na katika mji wetu wa upepo na vumbi, pikipiki zikipita dirishani, ngazi hiyo inaisha mapema zaidi.

DAKIKA SABA

Sasa kaseti. Tangu siku niliyonunua sabufa, ilikaa katika sanduku la viatu juu ya kabati, chini ya bati, kwa misimu mitatu ya joto. Kanda ya kaseti ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Joto, vumbi na unyevu ndio maadui zake. Mwaka 2024, nilipopata tena fedha, nikaipeleka kwa fundi Majengo. Aliihamishia kwenye ganda jipya, akaisafisha, akaizungusha taratibu kwa kalamu. Sehemu kubwa ilikuwa imeshikana, ikachunika. Katika dakika thelathini, tuliokoa saba.

Fundi akaniuliza kwa nini sikuileta mapema. Nikamwambia sikuwa na hela. Uongo huo umenikaa kooni mpaka leo ninapouandika.

Jioni hiyo nilifanya maonyesho yangu mwenyewe, kama ya Edison. Nikatundika khanga mbili katikati ya sebule. Upande mmoja nikaweka vyombo vitatu: simu, redio kaseti ya mjomba na sabufa. Upande wa pili waliketi washikaji zangu watatu na bibi. Nikapiga dakika zile saba kwa kila chombo, na kuwauliza kipi ni bora. Washikaji wote walichagua kilichokuwa na sauti kubwa. Niliposawazisha sauti, simu waliitambua kwa kukosa besi, lakini redio ya mjomba na sabufa waliviyumbia, mmoja akibadili jibu mara tatu.

Bibi hakuchagua chochote. Alikuwa ameinamisha kichwa tangu mzunguko wa kwanza, ule wa simu.

"Bibi, kipi?" nikamuuliza.

"Hapo katikati ngoma ndogo imechelewa," akasema. "Ni yule wa Mvumi. Siku hiyo alikuwa na mtoto mgongoni, alikuwa anamtuliza."

Nikarudia kwenye simu. Kweli, ngoma ndogo inachelewa mapigo mawili, kisha inakimbia kuwakuta wenzake. Na ukitega sikio, kuna mtoto analia. Nikarudia kwenye sabufa. Besi ya ngoma kubwa ilikuwa imelifunika kosa lile, na mtoto hayupo. Nilikuwa nimepiga dakika zile kwenye sabufa yangu mara kumi siku hiyo, nikisifu jinsi zinavyogonga kifua, na sikuwa nimesikia chochote.

Basi hukumu yangu ni hii, na anayebisha aandike tubishane humu humu gazetini. Chombo kizuri kinafaa, lakini kina nafasi yake katika foleni, na nafasi hiyo si ya mbele. Wa kwanza ni sauti yenyewe: kama haikunaswa, au ilinaswa ikaachwa ioze, hakuna spika duniani itakayoitoa. Wa pili ni sikio lililofunzwa kukaa na wimbo mmoja mpaka mwisho. Wa tatu ni chumba kilichotulia. Wa nne ndiyo spika ya kadiri, inayotoa besi ilipo na kunyamaza isipokuwapo. Mimi nilianzia mkia wa foleni, nikalipa kwa dakika ishirini na tatu za mtu ambaye hatarudi.

Nanyi waandishi wenzangu mnaosubiri kompyuta mpya ndipo muanze riwaya, sina la kuwaambia. Nadhani mmekwisha kunielewa.

Bibi anazikumbuka nyimbo zilizokuwa upande ule wa kaseti. Tangu Novemba ninakwenda kumrekodi kila Jumapili, kwa simu hii hii. Mwanzoni niliilaza mezani, sauti ikawa ya mbali. Sasa naishika mkononi, naisogeza kwake anapoimba, naishusha kwenye ngoma anaponyamaza. Mkono unauma. Mpaka sasa amenipa dakika kumi na moja, na juzi alikatisha wimbo katikati akasema huo unahitaji mtu wa ngoma ndogo. Yule wa Mvumi yuko hai, amezeeka, anaishi kwa mwanawe. Jumapili ijayo nitapanda daladala kwenda kumwomba.